Queen ya 1973: Albamu Ambayo Kijana wa Unguja Alipatia Jina

Leo tuweke pembeni singeli na bongo fleva, turudi nyuma mpaka tarehe 13 Julai 1973. Siku hiyo kule Uingereza ilitoka santuri ya bendi changa inayoitwa Queen, na santuri yenyewe ikaitwa Queen hivyo hivyo. Nyimbo 10 tu. Singo yake ya kutangulia, Keep Yourself Alive, ilikuwa imetoka wiki moja kabla na haikugusa chati kabisa. Kwenye kipaza sauti na kwenye piano alikuwepo kijana wa miaka 26, mzaliwa wa Mji Mkongwe, ambaye kwao ni Shangani. Shangani ya Unguja nasema, sio hii yetu ya Mtwara ambako watu wa hapa Chikongola tunaenda kupunga upepo Jumapili.

Mnamjua. Freddie Mercury. Kila mtu anamjua kwa vitu viwili: ule wimbo mrefu wa 1975 wenye neno la Kiarabu ambalo kila mtoto wa pwani analitamka kabla ya kula, na lile onesho la Wembley la Julai 1985 alipowaimbisha watu uwanja mzima kama anafundisha kwaya. Albamu ya kwanza watu wanaipita. Hata mashabiki wenyewe wa Queen wengi wanaihesabu kama mazoezi, kwamba mambo yalianza baadaye. Mimi nasema hapana. Kama unataka kujua yule kijana alikuwa nani kabla dunia haijamwambia yeye ni nani, jibu limo humo, na limo zaidi kwenye piano.

Tuanze nyumbani. Alizaliwa tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara. Baba Bomi, mama Jer, Wahindi wa Kiparsi wenye asili ya Gujarat. Parsi sio Mwislamu wala sio Mbanyani, ni wafuasi wa dini ya zamani sana iliyotoka Uajemi, ya nabii Zoroasta. Baba alikuwa keshia serikalini, upande wa mahakama, enzi za Mwingereza. Kwa hiyo sio tajiri wa karafuu, na sio mtu wa shida. Familia ya kawaida ya karani wa serikali.

Ili mpate picha ya wakati wenyewe: huyu mtoto anajifunza kutembea Unguja, huku kwetu ndio Mwingereza yuko mbioni na ule mradi wake wa karanga. Bandari yetu ya Mtwara ilijengwa kwa ajili ya zile karanga, na reli ikapelekwa mpaka Nachingwea. Karanga zikagoma, reli ikaja kung'olewa mwanzoni mwa miaka ya 60, bandari ikabaki. Ni serikali ile ile ya kikoloni, wino ule ule, mihuri ile ile. Baba yake Freddie anahesabu pesa za mahakama kule, babu zetu wanabeba mataruma huku.

Kuna jambo moja nikilifikiria huwa nacheka mwenyewe. Freddie akiwa na miaka 3, mwaka 1950, alifariki Siti binti Saad hapo hapo Unguja. Siti alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za His Master's Voice. Kampuni ya hiyo lebo mwaka 1931 iliungana na nyingine ikazaliwa EMI. Na ile albamu ya Queen ya 1973 ilitolewa Uingereza na nani? EMI. Yaani kisiwa kimoja kidogo, mwanamke aliyekuwa akiuza vyungu na mtoto wa keshia wa Kiparsi, wote sauti zao zikaishia ghala moja. Hakuna aliyepanga.

Akiwa na miaka 8 wazazi wakampeleka India, shule ya bweni ya St Peter's, Panchgani, milimani huko. Hapo ndipo piano inapoingia. Alifundishwa kwa mtindo wa Kiingereza wa mitihani, akafika daraja la nne. Mwaka 1958 yeye na wenzake wakaanzisha bendi ya shule, The Hectics. Sasa hili nataka ulishike: kwenye hiyo bendi Freddie hakuwa mwimbaji mkuu. Aliyesimama mbele alikuwa mwingine. Yeye alikuwa pembeni, kwenye piano. Mtu ambaye dunia inamkumbuka kwa kusimama mbele, alianzia kwenye stuli.

Akarudi Unguja 1963. Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi, na familia ikaondoka mwaka ule ule, kama zilivyoondoka familia nyingi za Kihindi na za Kiarabu. Wakaenda Feltham, karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Kijana ana miaka 17. Kutoka nyumba ya mawe yenye upepo wa bahari mpaka vijumba vya Feltham na baridi lake. Akasoma sanaa ya uchoraji na usanifu chuo cha Ealing, akamaliza 1969, akawa anauza nguo soko la Kensington pamoja na mpiga ngoma Roger Taylor. Taylor na mpiga gitaa Brian May walikuwa na bendi yao, Smile. Mwimbaji wao Tim Staffell alipojitoa 1970, Freddie akaingia, na jina la Queen likawa wazo lake. John Deacon wa besi akaja 1971, wakatimia wanne. Nembo ya bendi kachora Freddie mwenyewe kwa nyota za kuzaliwa za wote wanne: simba wawili, kaa mmoja, na vijimalaika viwili ambavyo ndiyo nyota yake yeye, Mashuke.

Studio sasa. Walirekodia Trident, London, sehemu kubwa mwaka 1972. Lakini usifikirie waliingia kama mabosi. Walipewa masaa ya mabaki. Wateja wanaolipa wakishamaliza na kwenda kulala, watu wa aina ya David Bowie, ndipo hawa wanaitwa, mara nyingine usiku wa manane mpaka kunakucha. Kila aliyewahi kurekodi kwa kusubiri msanii mwenye hela amalize anaijua hii hali. Hapa Mtwara vijana wangapi wanaingiza sauti saa 9 za usiku kwa sababu ndio muda wa bure?

Ila ile studio ilikuwa na hazina. Kulikuwa na piano kubwa ya Kijerumani, Bechstein, ya zamani, yenye sauti kali inayopenya kama kengele. Hiyo ndiyo piano iliyopigwa na Paul McCartney kwenye Hey Jude mwaka 1968, na Elton John naye kaikalia. Sasa piga picha: usiku wa manane, wenye nyumba wamelala, kijana wa Unguja anakaa kwenye piano ya watu wakubwa kwa muda wa kuazima. Ndio hicho unachokisikia kwenye albamu.

Na wakati anasubiri zamu yake, prodyuza mmoja wa pale akamwomba aimbe I Can Hear Music kwa ajili ya mradi wake mwingine. Ikatoka 1973, kabla tu ya albamu, kwa jina la msanii Larry Lurex. Larry Lurex! Ikadoda. Kwa hiyo mwaka mmoja huyu mtu alikuwa na majina mawili sokoni, na kwenye cheti cha kuzaliwa lipo la tatu.

Tuingie kwenye nyimbo. Sitakudanganya, ukiiweka hii albamu utakutana kwanza na magitaa. Brian May ametanda kila mahali. Na ile piano ya kwanza kusikika, mwanzo wa wimbo wa pili, Doing All Right, sio ya Freddie, ni Brian May mwenyewe kaipiga. Wimbo ni wa enzi za Smile, yeye na Staffell wameuandika. Piano yake ni nzuri, imetulia, ila ni ya mtu anayesindikiza. Weka hiyo sauti kichwani. Ruka Great King Rat kwa muda, nenda wimbo wa nne.

My Fairy King. Hapa ndipo.

Unaanza na gitaa na Roger Taylor anapiga ukelele wa juu mpaka unafikiri ni filimbi. Halafu piano inaingia na haisindikizi mtu, inaongoza. Inaenda mbio, inasimama, inageuka njia, inarudi, na sauti za Freddie zimepangwa moja juu ya nyingine mpaka mtu mmoja anakuwa kundi. Brian May amesema mara nyingi kwamba hapo ndipo wenzake walipotambua wamempata mtu wa aina gani. Mpaka wakati huo bendi ilikuwa ya magitaa yenye mwimbaji mwenye madoido. Baada ya huu wimbo ikawa bendi yenye piano katikati. Nyimbo zote kubwa za piano ambazo watu wanamkumbukia, mbegu yake ni hii ya dakika 4 na sekunde chache, iliyofichwa mwisho wa upande wa kwanza ambapo watu wanainuka kugeuza santuri.

Maneno ya wimbo ni ya nchi ya kufikirika, kuna mfalme, kuna farasi wenye mabawa. Vingine amevichukua kwenye shairi la Robert Browning la mpiga filimbi wa Hamelin, mambo ya vitabu vya shule. Ni nchi nzuri ambayo watu wanakuja kuiharibu. Halafu msimuliaji anamlilia mama, na huyo mama kwenye wimbo anaitwa Mercury. Brian May amesimulia kwamba Freddie alimwambia huyo mama wa kwenye wimbo ni mama yangu, kwa hiyo na mimi nitakuwa Mercury. Bulsara likaachwa. Mercury, ile sayari ambayo sisi shule ya msingi tumeisoma kama Zebaki.

Kuna wanaosema alibadili jina ili kuficha asili yake, alikuwa anauona aibu Uhindi na Uzanzibari. Inawezekana kuna kaukweli, maana kwenye mahojiano kweli hakupenda kuizungumzia Unguja. Ila angalia alilipata wapi hilo jina. Hakulitoa kwenye gazeti la Kiingereza. Amelitoa kwa mama, ndani ya wimbo wa nchi iliyoharibiwa. Sisemi nchi ile ni Unguja, yeye hakusema hivyo na mimi sina haki ya kumsemea. Nasema tu ukiambiwa mtu wa miaka 17 alifungasha na kuondoka, halafu akiwa na miaka ishirini na kitu akaandika wimbo wa namna hiyo, huwezi kuusikiliza kama hadithi ya vijimalaika peke yake.

Na sisi watu wa huku tunaelewa habari ya jina kuliko wengi. Mwaka ule ule wa 1964, Septemba, vita vya Msumbiji vilianza, na watu wakavuka Ruvuma kuja upande huu. Babu yangu mzaa mama ni mmoja wao. Alivuka na jina, watoto wake wakaandikishwa shule kwa jina lingine, la hapa, ili mambo yaende. Hakuna aliyemwita muongo. Mpaka anazeeka alikuwa anaitika yote mawili, inategemea nani anaita. Kwa hiyo nikisoma mtandaoni watu wanabishana kama Freddie ni Farrokh au ni Mercury, nashangaa ugumu uko wapi.

Turudi kwenye santuri. Upande wa pili unafunguliwa na Liar, zaidi ya dakika 6, ya Freddie pia. Mtu anatubu na anasutwa kwa wakati mmoja, kama yuko mbele ya kadhi. Nzuri sana, japo ingekatwa dakika moja isingekufa. The Night Comes Down ya May ni ya usiku kweli, isikilize taa zimezimwa. Modern Times Rock 'n' Roll ya Taylor inapita kama bodaboda, hujaielewa imeisha. Son and Daughter nasema ukweli inanichosha, ni nzito bila sababu, kama mtu anaburuta kabati.

Halafu kuna Jesus. Kijana wa Kiparsi, aliyezaliwa kisiwa cha minara na adhana, akasomeshwa shule ya Kianglikana, anaandika wimbo unaomsimulia Yesu anavyofuatwa na watu. Hausemi anaamini au haamini. Unasimulia tu, halafu magitaa yanachukua. Ukiwa umekulia mji kama wetu, ambapo msikiti na kanisa vinasikilizana na kila mtu anajua nyimbo za mwenzake bila kutaka, huo wimbo haukushangazi. Unashangaza Wazungu.

Jumla, kati ya nyimbo 10, tano ni za Freddie. Kwa mtu aliyeingia bendi ya wenzake mwisho kabisa kabla ya mpiga besi, hiyo sio haba. Na kwenye jalada waliandika kwamba humu hakuna aliyepiga sintesaiza. Walikuwa wanajivunia kwamba kila sauti unayosikia imetoka kwenye mkono wa mtu, kwenye nyuzi, ngozi, mbao na koo.

Sasa mbona haikuuza? Kwanza ilichelewa. Kazi ya 1972 ikatoka katikati ya 1973, na wakati huo masikio ya Waingereza yalishahama. Pili redio ziliikaushia. Kituo cha televisheni kililetewa nakula ya majaribio isiyo na jina la bendi, wakaipenda wakaipiga na katuni, watu wakawa wanapiga simu kuuliza ni akina nani. Huko Marekani ilifika namba 83. Uingereza haikuingia chati mpaka 1974, baada ya albamu ya pili kufanya vizuri, ndipo watu wakarudi kuitafuta ya kwanza ikafika namba 24.

Na huku nyumbani? 1973 sisi tulikuwa na mambo yetu. Mbaraka Mwinshehe, NUTA Jazz, Radio Tanzania inarekodi bendi zetu, na rock ya Uingereza haikuwa na kiti. Hapa kusini watu walikuwa wanasikiliza milio kutoka ng'ambo ya Ruvuma, sio santuri za London. Kwa hiyo huyu mtu hatukumkosa kwa ubaya. Hatukuwa tunasikiliza.

Tulichokuja kukosea ni baadaye. Mwaka 2006 Unguja ilipangwa sherehe ya kumbukumbu ya miaka 60 tangu azaliwe, kundi la Uamsho likaipinga kwa sababu ya maisha yake binafsi, ikafutwa. Upande wa pili kuna wanaomuuza kwa watalii: fulana, picha, hapa ndipo alipoishi. Novemba 2019 ikafunguliwa makumbusho yake pale Shangani, barabara ya Kenyatta. Mimi sina ugomvi na makumbusho, watu wa kule wanapata riziki. Ila wanaomkataa na wanaomuuza nawaona ni ndugu, wote wanabishana juu ya mtu bila kukaa chini kusikiliza piano yake. Muulize anayesema "Mzanzibari wetu yule" akutajie wimbo mmoja wa albamu ya kwanza. Muulize na anayesema "sio wetu yule."

Na tafadhali usiisikilize ukitafuta taarab. Nimeona watu wanalazimisha, eti pale kuna uudi, pale kuna ngoma ya kibuni. Haimo. Kilichomo ni piano ya mitihani ya Kiingereza iliyofundishwa milimani India, ikapigwa usiku London na mtu ambaye hana pa kurudi. Hiyo inatosha kuwa historia ya pwani, maana pwani ndivyo ilivyo, watu wanakuja na kuondoka na vitu vya kwingine mikononi.

Kwa mnaotaka kuanza: Oktoba 2024 walitoa toleo jipya, wameichanganya upya sauti yote na kuiita Queen I. Ngoma zimefunguka, zile za zamani zilikuwa zinasikika kama zimefungiwa kabatini. Ila My Fairy King sikiliza matoleo yote mawili, kwa spika, sio kwa simu, na kama una jirani mkali subiri mchana.

Kisha nenda wimbo wa mwisho, Seven Seas of Rhye. Rhye ni nchi ambayo haipo kwenye ramani yoyote, aliibuni Freddie mwenyewe. Inaanza na piano peke yake, vidole vinakimbia juu ya funguo kama mvua kwenye bati, bendi inaingia, na kabla haujatimia muda wa dakika moja na nusu inafifia. Hakuna maneno hata moja. Alikuwa hajamaliza kuutunga. Mwaka uliofuata akaumaliza, wakauweka tena mwisho kabisa wa albamu ya pili, safari hii na sauti yake, na ukafika namba 10 Uingereza. Ndio wimbo wao wa kwanza kuingia kwenye chati, na unaanza na piano ile ile.